Pengo la Mlinzi wa Lango

Kiomboi,
19 Januari 2025

Mdogo wangu Chediel,

Pokea salamu zangu nyingi. Mimi mzima, tumbo nalo linacheza vizuri, ila mguu wa kushoto umevimba, na nesi kasema niwe nauweka juu ya ndoo nikikaa. Habari za Dodoma? Kifua chako kimepona? Usinywe maji ya baridi, nakujua.

Bahasha yako nimeipata kwa Sixbert, yule konda wa basi la Singida. Ilikuwa imeloa pembeni lakini karatasi za huo mchezo unaoutunga zote salama, na dadu mbili nazo. Ukitaka kunijibu mpe yeye, maana simu sina. Nimeiacha nyumbani kwa Ritha. Ana miaka mitatu, akiamka lazima aambiwe mama yuko ndani ya simu, ndipo anakunywa uji. Basi mimi nikipata ya kuazima napiga, naongea naye, naikata haraka kabla sijalia.

Huku niko chigonella, hii nyumba ya wajawazito wa mbali kungojea siku zao jirani na hospitali. Zahanati ya kijijini walituambia mto ukijaa hakuna gari litakalovuka, kwa hiyo tuje mapema. Siku zangu ni mwisho wa mwezi wa pili. Shemeji yako Amosi amebaki na palizi, alizeti haingoji mtu.

Tuko kumi na moja. Kazi ni kupika, kufua na kuhesabiana vidole vilivyovimba. Kwa hiyo mchezo wako umetukuta tuna njaa nao. Nilivyoelewa mimi na darasa la saba langu ni hivi, nisahihishe. Kuna Nchi ya Mawe, ina majitu na nyoka wa ziwa la chumvi. Mmoja anasimulia, wengine kila mtu anachagua kazi: mwindaji, mfua chuma, mpiga ngoma, mganga wa mizizi au mlinzi wa lango. Kila kazi ina orodha ya uwezo wa aina tisa. Unapewa mbegu kumi na mbili za kununulia unaoutaka, ndiyo maana wawindaji wawili hawafanani. Na ukikubali kuandika pengo, yaani kitu ambacho mtu wako hakiwezi, unaongezewa mbegu tatu. Kisha mnasafiri kwa maneno, na penye hatari dadu zinaamua.

Mbegu tumetumia maharage. Marietha akasema, "Mnacheza na mboga ya jioni, mtakuja kula dadu." Huyu Marietha ana mimba ya nane na hanyamazi hata akilala, kwa hiyo tumempa usimulizi. Yasinta, mtoto wa juzi tu, mimba ya kwanza, alichagua mpiga ngoma. Pengo lake akaandika, "Anaogopa kuku." Akachukua maharage matatu, na Nchi ya Mawe yote haina kuku hata mmoja! Mwingine kaandika hawezi kuogelea, na safari ilikuwa ya mlimani.

Nimekunakilia karatasi zetu uone. Mimi ni mlinzi wa lango.

Chediel, nina woga. Nikisikia kitanda cha magurudumu kinapita naacha hata kutafuna. Lakini Mungu yupo na mchezo upo.

Dada yako,
Mama Ritha

*

Dodoma,
23 Januari 2025

Dada Rahabu,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea dukani, nikacheka hadi mteja aliyekuja kuchapisha kadi za harusi akauliza kama ni yake niliyoicheka. Kifua kimepona. Mguu uweke juu kama ulivyoambiwa, usibishane na nesi.

Umeelewa mchezo kuliko Alute ninayefanya naye kazi hapa, na yeye ana cheti. Kuku wa Yasinta ndiye tatizo langu la miezi sita. Nataka watu wajenge mhusika kwa hiari yao, awe wao, asifanane na wa jirani. Lakini nikiwapa nafasi ya kuchagua wote wanakimbilia yaleyale yenye nguvu, na mapengo wanaandika ya uongo ili wavune mbegu. Mchezo unakuwa watu watano wasioshindwa kitu. Hauogopeshi, na usipoogopesha hakuna anayemhitaji mwenzake. Naomba uendelee kuwaangalia na kuniandikia, hata vitu vidogo.

Ila karatasi yako nimeirudia mara tatu. Mlinzi wa lango wako amenunua Ngao, Kusimama Usiku Kucha na Sauti ya Radi. Wengine wote wana pengo, hata kama ni la kuku. Wewe umeacha wazi. Mbegu tatu za bure, na wewe unavyopenda kubakiza! Umesahau?

Mdogo wako,
Chediel

*

Kiomboi,
29 Januari 2025

Mdogo wangu,

Salamu za upendo. Tunaendelea vizuri, mvua nayo inaendelea, mlenda umejaa uani mpaka tumeuchoka. Umekula leo? Usinijibu chai na andazi.

Nianze na mchezo. Juzi nesi Editha alipita akatukuta tumekaa duara barazani. "Nyie, mnacheza kamari kwenye hospitali?"

Marietha akamjibu, "Hapana nesi, tunapigana na nyoka. Una silaha?"

Nilidhani atatufukuza. Akavuta ndoo, akakaa, akachagua mwindaji. Zamu yake ya kuandika pengo ilipofika akasoma kanuni yako, kwamba kila mtu asome pengo lake kwa sauti mezani. Akatuangalia, akaandika, "Hajui kusuka mkeka." Tukacheka. Alipoondoka Marietha akasema, "Huyo mdogo wako ana akili lakini hajaishi na watu. Nani atasoma pengo lake la kweli mbele ya watu kumi na moja? Mimi nitasema kuku, nitasema bata, nitasema hata mbuzi."

Liandike hilo, naona ndiyo dawa yako inapoanzia.

La pili, Yasinta aliuliza, "Mbona hakuna kazi ya mtu kama sisi?" Tukaitunga. Inaitwa Mbebaji. Hawezi kukimbia na hapigani. Lakini alichobeba hakiguswi na jitu wala nyoka, maadamu yeye amesimama. Uwezo wake tumeutafuta wote: Pua, ananusa hatari ya kesho. Kiti, hata jitu lazima limpishe akae. Udongo, akila kipande cha ukuta anapata nguvu, na hapo mama mmoja wa Shelui alificha mkono mgongoni maana alikuwa nacho cha kweli. Moyo wa Pili, anarusha dadu mara mbili. Ilikuwa siku nzuri.

Sasa la pengo langu. Sikusahau.

Unakumbuka jinsi tulivyoficha ile mimba ya Sepuka kabla sijaolewa, wewe, mimi na shangazi. Amosi hajui. Nilipokuwa na mimba ya Ritha, mama mkwe alinisindikiza kliniki. Nesi wa zahanati akauliza mimba ya ngapi, na kabla sijafungua mdomo mama mkwe akajibu kwa fahari, "Ya kwanza!" Mama mkwe akijibu hakatizwi. Nikanyamaza, ikaandikwa. Safari hii ni yeye tena, akajibu, "Ya pili." Kadi yangu inasema mbili, Chediel, na wewe unajua ni tatu. Nesi Editha wiki iliyopita akaniuliza, "Umewahi kuvuja damu nyingi ukijifungua?" Mama mkwe hakuwepo hata. Mdomo wangu wenyewe ukasema hapana.

Kwa Ritha nilivuja pia, si kama mara ile. Nililala siku mbili, nikasema ni uchovu.

Sasa nikisoma karatasi ya mlinzi wa lango pale penye pengo, mkono haujui uandike nini. Sikumbuki mtoto yule alilia au niliota. Nisamehe kukuandikia haya. Karatasi hii ichome.

Dada yako anayekupenda,
Mama Ritha

*

Dodoma,
1 Februari 2025

Dada,

Shikamoo. Sijambo. Barua nimeichoma.

Mchezo leo niuweke pembeni. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilisukuma baiskeli kutoka kwa shangazi hadi zahanati, jua la saa saba, wewe umekaa kwenye keria na shangazi amekushikilia mgongo. Nyuma yetu tairi lilikuwa linaacha mstari mchangani. Nilikuwa nageuka kuuangalia kila baada ya hatua chache ili nijue kama unapungua. Haukupungua. Toka siku hiyo nikiona damu naanguka. Sekondari walikuja wachukua damu, nikazimia mlangoni kabla sijapewa hata soda. Wewe unanitania kwa hilo, lakini unajua lilipotoka.

Mwambie nesi Editha. Naomba. Hawezi kukuandalia kitu asichokijua. Mwambie kesho.

Na mimi nikwambie langu. Nilipoanza mchezo huu nilijitengenezea mhusika wa kwanza kabisa. Ni mlinzi wa lango, kama wako. Penye pengo niliandika, "Hana."

Mdogo wako,
Chediel

*

Kiomboi,
4 Februari 2025

Chediel,

Sijambo. Natumaini nawe hujambo.

Wewe ni mwanamume, hukuolewa kwenye nyumba ya watu. Kwako ni neno moja la kumwambia nesi. Nesi ataandika kwenye kadi. Kadi mama mkwe akiwa nami anaibeba yeye, anaiweka kwenye kanga yake kama cheti cha shamba, na anasoma vizuri tu, kanisani ndiye anayesoma matangazo. Anakuja Jumamosi kukaa nami mpaka nijifungue. Akijua, Amosi atajua. Akijua Amosi, Ritha atalala wapi? Umelifikiria hilo hapo kwenye kadi zako za harusi?

Usiniandikie tena habari hiyo. Niandikie ya mchezo.

Ritha kasema kwenye simu kwamba mjomba amletee kitu chenye magurudumu.

Dada yako

*

Dodoma,
7 Februari 2025

Dada Rahabu,

Shikamoo. Natumaini mguu umepungua. Ritha mwambie magurudumu yapo.

Nakutii, naandika ya mchezo tu.

Mbebaji wenu tumemjaribu hapa. Alute alimchukua, akala ukuta wa Nchi ya Mawe nusu nzima, hakuna kilichomgusa. Akasema, "Huyu mtu wa dada yako ni noma, futa wengine wote." Kwa hiyo nimemwekea gharama. Kila raundi anayosimama na mzigo inamtoka mbegu moja. Zikimwishia anaanguka, isipokuwa mwenzake amempa za kwake. Tumejaribu mara nne. Sasa anaogopesha, na watu wanamzunguka.

Kubwa ni hili. Yale maneno ya mama Marietha nimelala nayo, nikafuta ukurasa mzima wa mapengo na kuuandika upya. Karatasi mpya imo humu. Kanuni sasa ni hizi. Pengo halisomwi mezani. Unaliandika, unalikunja, unampa mtu mmoja uliyemchagua mwenyewe. Huyo ndiye mwenzi wa pengo. Analisoma peke yake, haruhusiwi kumwambia mwingine yeyote, hata msimulizi. Kazi yake ni kukaa tayari. Na mbegu hazilipwi tena kwa kuandika. Zinalipwa siku pengo likitokea na mwenzi akaliziba, mbegu moja kwa mwenye pengo, moja kwa mwenzi.

Nilikuwa nimekosea nikidhani ni mawili tu, kuficha au kutangaza. Kumbe mtu mmoja anatosha, akiwa ndiye.

Jaribuni kanuni hiyo, dada. Nakuomba ujaribu hiyo tu.

Mdogo wako,
Chediel

*

Kiomboi,
12 Februari 2025

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu kwa moyo wote. Nisamehe barua ile, niliiandika nikiwa na kiungulia na hasira. Kifua vipi? Mimi nipo, mwanao mdogo huyu kashuka chini sana, nikitembea ni kama nabeba mtungi kati ya magoti.

Mama mkwe kafika Jumamosi. Kaleta unga wa uwele, kuku wawili na maneno. Yasinta alipoona kuku akapiga kelele, tukacheka mpaka mama mkwe akauliza kama tuna wazimu.

Jana jioni jua halijazama tulikuwa barazani, mama mkwe pembeni yangu anachambua mchele. Nesi Editha akaja kucheza, maana sasa siku asipokuwa zamu anakuja kwa miguu yake. Niliwasomea kanuni yako mpya. Halafu watu wakaanza kuandika, Chediel, na hakuna aliyecheka. Marietha mwenyewe aliandika, akaikunja mpaka ikawa kama punje, akampa Yasinta. Yasinta akasoma, akamshika Marietha mkono, hakuuachia mpaka mchezo ukaisha. Sijui kiliandikwa nini.

Mimi niliandika hivi: "Kadi yangu imekosea. Hii ni ya tatu. Ya kwanza nilivuja karibu kufa, mtoto hakuishi. Ya pili nilivuja pia. Mama mkwe hajui."

Nikakunja. Nikaikunjua, nikaikunja tena, mama mkwe akaniambia, "Unahangaika nini, na ni michezo ya watoto?"

Nikasema, "Nesi, nimekuchagua wewe uwe mwenzi wa pengo langu."

Akaipokea anatabasamu. Akaifungua. Nilikuwa naangalia uso wake kama mtu anayeangalia maziwa jikoni. Haukubadilika hata kidogo. Akaikunja, akaitia mfuko wa koti, akasema, "Mlinzi wa lango ana pengo la kawaida tu. Nalimudu. Nani anafuata?" Akarusha dadu, akapata sita.

Nilienda nyuma ya jiko nikatapika.

Asubuhi ya leo akaniita ndani, peke yangu, akafunga mlango. Aliniuliza yote, mwaka, saa, nilivuja kiasi gani, nikajibu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Ungeniacha niingie mikono mitupu." Ameandika kwenye faili linalokaa kwao, ile kadi ya mama mkwe akasema hataigusa mpaka nitakapotaka mwenyewe. Siku ikifika nitaingizwa sindano ya mrija mapema, daktari atakuwa karibu, na dawa ya kukaza kizazi itakuwa mezani tayari.

Halafu akaniuliza, "Ndugu yako yupi atakuchangia damu, iwekwe akiba?" Amosi nikimwita atauliza kwa nini. Shangazi ana sukari. Nikasema sina mtu.

Nina wewe, na kundi letu ni moja, najua. Lakini pengo lako nalijua pia tangu baiskeli, na sitaki ulipe kwa ajili yangu. Nimekuandikia ili ujue tu. Usije.

Dada yako,
Mama Ritha

*

Dodoma,
14 Februari 2025

Dada,

Shikamoo. Nimefurahi mpaka nimefunga duka nusu saa. Mpe nesi Editha heshima zangu.

Nilikwenda stendi leo alfajiri. Nilikata tiketi. Nilikaa kwenye kiti, dirishani, begi miguuni. Nikaanza kufikiria ule mrija, jinsi unavyojaa, nikaona masikio yanaziba. Gari lilipowasha nilishuka. Konda aliniita mara mbili.

Nimeshindwa, dada. Nimeandika hivi kwa sababu ningekuwa nakudanganya nikiandika vingine. Namtafuta mtu mwingine huku wa kukuchangia. Nisamehe.

Mdogo wako,
Chediel

*

Dodoma,
20 Februari 2025

Dada Rahabu,

Shikamoo. Na kama mama yuko karibu na barua hii, shikamoo mama, na poleni na mvua.

Huku kwema. Kazi ni nyingi, kadi za harusi hazina mwisho. Mchezo unakwenda vizuri. Yule mlinzi wa lango wangu wa zamani nimemwandikia pengo hatimaye, nikafuta lile neno "Hana." Alute ananiuliza nimempa nani anitunzie, nikamwambia yupo.

Siku zinakaribia. Kula vizuri. Ukiweza nitumie hata mstari mmoja kwa Sixbert.

Mdogo wako,
Chediel

*

Dodoma,
26 Februari 2025

Dada,

Shikamoo. Siulizi hujambo, naomba uwe hujambo.

Sixbert jana kapita mikono mitupu. Nimempa barua hii leo, na nimemwambia aingie mpaka ndani ya chigonella, asiiache getini. Nimepiga simu yako ya nyumbani, kapokea Ritha. Akasema, "Mama hayupo, yuko ndani ya simu." Nikamwambia ampe baba. Akasema baba yuko shambani, akakata. Toka hapo haipatikani, labda chaji. Ile namba ya Yasinta uliyowahi kunipigia imezimwa.

Nimetoa karatasi zote za mchezo nikazipanga mezani ili mikono ifanye kitu. Mbebaji nimemweka katikati. Nahesabu mbegu zake. Nimejaribu kila njia apite raundi kumi peke yake na hapiti, mimi mwenyewe ndiye niliyemtengeneza hivyo, na sasa siwezi kulala.

Niandikie. Mtu yeyote aniandikie. Nikikaa wiki bila jibu, naja.

Chediel

*

Kiomboi,
3 Machi 2025

Mdogo wangu Chediel,

Salamu kutoka kitandani. Nipo. Mwandiko ukiuona umepinda ni kwa sababu naandikia kwenye goti, na nesi kasema nisikae wima kwa muda mrefu. Hujambo baba? Usije mbio barabarani, nipo.

Nilijifungua Jumamosi tarehe 22, saa nne asubuhi. Ni msichana, kilo mbili na nusu, ana masikio yako. Tumemwita Eliana. Huyu alilia, Chediel. Alilia mpaka nikamwambia nesi mwacheni alie kwanza, nataka nisikie.

Halafu ikaanza. Niliijua kabla yao, ule ujoto unaoshuka bila kuuliza. Nikasema, "Nesi, pengo hilo." Nilisema hivyohivyo, kama tuko barazani. Na yeye alikuwa amesimama palepale, dawa mkononi, hakwenda kutafuta kitu. Daktari alikuja. Nilisikia baridi, nikaona dari inakwenda mbali, nikamwita Ritha. Nilipozinduka kulikuwa na mfuko unaning'inia juu yangu, mwekundu, unadondoka taratibu kwenye mkono wangu. Niliutazama muda mrefu. Ulinitisha na ulikuwa mzuri.

Siku ya tatu nilimuuliza nesi Editha, damu hii ni ya nani, mimi nilisema sina mtu. Akasema, "Haina jina, ina namba. Lakini nikwambie kisa. Jumatatu ile tarehe 17 alikuja kijana mmoja mrefu kutoka Dodoma. Alianguka mlangoni kabla hajakaa. Tukampa maji. Akakaa, akaiona sindano, akaanguka tena na kiti. Nikamwambia kijana, nenda nyumbani. Akasema, nilazeni chini, nifunikeni uso, muendelee." Nesi anasema ulikuwa unahesabu kwa sauti chini ya shuka, mpaka mia tatu na kitu.

Nikauliza kwa nini hukuja kuniona. Akasema ulifika mpaka kona ya jengo, ukaniona nimekaa na mama mkwe ananisuka, ukasema ukitokea atauliza umefuata nini na pamba hiyo mkononi, na wewe kudanganya hujui. Ukageuka. Na mimi siku ile niliona mgongo wa mtu anatembea akishika ukuta, nikamwambia mama mkwe, maskini, yule labda kafiwa.

Ndiyo maana barua yako ya tarehe 20 ilikuwa na adabu nyingi hivyo!

Sasa yaliyobaki. Woga haujaisha, nisikudanganye. Eliana ni mdogo, namwamsha anyonye na nikimkuta kanyamaza naweka kidole puani. Yasinta alijifungua salama karudi kwao, simu yake ilianguka kwenye maji ya kuogea. Marietha bado anangoja na bado hanyamazi. Siku ya damu, mama mkwe alipouliza mbona imetakiwa akiba kabla ya ugonjwa, Marietha alimdaka palepale akamsimulia uzazi wake wa saba mpaka mama wa watu akaomba ruhusa ya kwenda chooni.

Lakini siku nilipohamishwa wodi, faili langu liliachwa dakika chache juu ya kitanda, na mama mkwe alikuwa peke yake nalo. Nilimkuta ameshika ukingo wake. Alilirudisha, akanikorogea uji, akanilisha kwa kijiko yeye mwenyewe, kitu ambacho hajawahi kunifanyia. Sijui kama amesoma. Kila akifungua mdomo moyo wangu unasimama, kisha anaulizia tu chumvi.

Nimeamua nisingoje yeye aamue. Nikifika nyumbani, nikishapata nguvu, nitamwandikia Amosi karatasi ndogo, nitaikunja, nitampa mkononi na kukaa pale akiisoma. Nitamwambia amechaguliwa. Naogopa, lakini nimeona linavyokuwa pengo likiwa na mwenzi, na siwezi kurudi kulibeba peke yangu.

Humu ndani nimekuwekea maharage mawili, usije ukayapika. Kanuni ni ya kwako. Pengo lilitokea mezani na mwenzi akaliziba, kila mmoja ana yake. Moja ni lako, la kule chini ya shuka. La pili ni langu, nitunzie hapo dukani. Nitakuja kulichukua mwenyewe, na Eliana mgongoni, nikishaweza kusimama.

Dada yako,
Mama Ritha na Eliana